Mrija mmoja tu ulikuwa umebaki, na mimba ikatunga humo humo: nilivyotibiwa kwa sindano bila kupigwa kisu

Wakuu, salamu kwenu wote, mlio kazini, mlio kwenye foleni na mliojifungia chooni na simu.

Miaka yote humu mimi ni msomaji. Nagonga like, nacheka na comments, napita. Leo naandika mwenyewe, na ninachoandika kimenipata mimi, kwenye mwili wangu huu huu. Sijasimuliwa. Atakayesema ni chai anywe taratibu asiungue, ila mimi kovu ninalo tumboni.

Uzi ni mrefu kidogo, vumilieni. Kina kaka msikimbie, mtaona kwa nini.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Ndiyo, mwanamke. Tairi la Land Cruiser nafungua mwenyewe, na nikikwama kwenye tope sisubiri mwanaume. Nimezaliwa Kikatiti, kwenye kahawa na migomba, Mmeru halisi. Nimeolewa na Mwarusha wa Oldonyo Sambu, nitamwita Lomayani japo siyo jina lake. Anafanya kazi kwenye vitalu vya miti na tunaishi upande wa Olmotonyi, kwenye baridi yetu.

Sasa twende.

Mimba yangu ya kwanza hata sikujua kama ninayo. Nilikuwa narudi na wageni kutoka Ngorongoro, tukasimama Karatu kula. Nikainuka mezani, dunia ikazima.

Nilipozinduka nimeshapasuliwa. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija wa kulia badala ya kwenye mfuko wa uzazi, ikakua, mrija ukapasuka, tumbo likajaa damu. Madereva wenzangu ndio walinibeba mpaka hospitali. Mrija ukatolewa.

Naomba hapa nieleweke vizuri. Operesheni ile ndiyo iliyoniacha hai. Uzi huu hausemi upasuaji ni mbaya. Mrija ukishapasuka hakuna cha sindano wala maombi ya kusubiri, ni kisu, tena haraka.

Daktari wa kule aliniambia mambo mawili kabla hajaniruhusu. La kwanza, mrija mmoja unatosha kabisa kupata mtoto. La pili, aliyewahi kupata mimba ya nje ana hatari zaidi ya kuipata tena, kwa hiyo nikishika nyingine niwahi ultrasaundi mapema, nisisubiri tumbo litokeze.

Ikapita miaka. Hakuna kitu.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita Yeyo kama Waarusha wanavyomwita mama kwa Kimasai chao, hakuwahi kunisema vibaya hata siku moja. Alikuwa ananiuliza tu, "Mwanangu, tumbo linaendeleaje?" Kama mtu anavyouliza hali ya shamba mvua ikichelewa. Najibu, "Tunamwomba Mungu, Yeyo." Anaitikia, tunaongea habari za ng'ombe.

Halafu kuna mwezi siku zangu zikachelewa. Nikapima. Mistari miwili.

Lomayani alikuwa ananawa miguu uani. Nilipomwonyesha kipimo alikaa juu ya ndoo ya maji, ikapinduka naye. Akabaki chini pale pale, suruali imelowa, anacheka peke yake.

"Tumwambie mama?" akauliza.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Mpaka tujue imekaa wapi."

Nikapanga kwenda kupiga picha wiki ile ile. Haikufika hata siku niliyopanga.

Nilikuwa yadi naandaa gari la safari ya Serengeti. Nimeinama nakaza nati, nikasikia kitu upande wa kushoto chini ya kitovu, kama mtu ananifinya kwa kucha. Kikaacha. Kikarudi. Nikaenda chooni nikakuta matone ya damu, kidogo tu, rangi ya kahawa.

Wakuu, mwanamke mwingine angesema ni kawaida. Mimi nilishawahi kuzimia Karatu. Nikaweka spana chini nikampigia bosi.

"Bosi, safari hii siendi."

"Dada, wageni wanatua Jumapili na wamekuomba wewe kwa jina!"

"Watafutie mtu. Nikienda hivi nilivyo, unaweza kuletewa maiti yangu kutoka Seronera."

Akasema, "Gari liache hapo hapo. Nenda hospitali sasa hivi, utaniambia baadaye."

Yule mzee ni mkali kwelikweli, lakini siku ile nilimpenda.

Nikaenda hospitali moja hapa mjini, jina sitaji. Daktari wa zamu, kijana mpole, akanipima. Nikaona anazungusha kile kifaa cha ultrasaundi, anarudi, anazungusha tena. Mfuko wa uzazi ulikuwa mtupu. Pembeni ndiko kulikuwa na kauvimbe kadogo.

"Dada, mimba imetunga kwenye mrija," akasema. "Tutakuandaa kwa upasuaji."

"Mrija upi?"

"Wa kushoto."

"Daktari, mimi sina mwingine. Huo ndio uliobaki."

Akaacha kuandika. Akaniangalia, akaangalia kovu langu, akasema, "Ngoja nimpigie daktari bingwa."

Namshukuru yule kijana mpaka leo, maana angeweza kuendelea tu na utaratibu.

Bingwa alikuja mwenyewe, mama mtu mzima, anaongea polepole kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Wakachukua damu kupima kiwango cha homoni ya mimba, wakanilaza, wakarudia kupima baada ya siku mbili. Kilikuwa kinapanda, lakini kwa kusuasua, siyo kama mimba iliyokaa mahali pake. Lomayani alikuwa pembeni ya kitanda na buti zake za kazini.

"Kuna njia ya sindano," bingwa akasema. "Dawa inaitwa methotrexate. Inazuia chembe za mimba zisiendelee kuongezeka, halafu mwili wenyewe unazifyonza kidogo kidogo. Ikikubali, mrija unabaki."

Moyo wangu uliruka kama swala. Akaona, akainua mkono.

"Sikiliza kwanza. Siyo kila mtu anapewa."

Akaeleza. Mrija uwe haujapasuka na mgonjwa presha yake imetulia. Kivimbe kiwe kidogo na kisiwe na mapigo ya moyo. Homoni isiwe imepanda sana. Damu, ini na figo viwe vizima. Vigezo vyote hivyo nilikuwa navyo, alikuwa ameshapima.

"Na cha mwisho," akasema, "uwe mtu wa kurudi ninapokuita. Hiki ndicho kinachonitisha kuliko vyote. Watu wakipata nafuu hawarudi, halafu wanaletwa wamebebwa. Hata baada ya sindano mrija unaweza kupasuka. Ukipasuka nakuingiza theatre, hatujadiliani. Nakupa nafasi, sikupi ahadi."

Nikampigia mama yangu Kikatiti. Nilitaka anitie moyo. Mama akalia.

"Wakate, mwanangu. Wakate waondoe. Watoto wa ndugu zako wapo, utalea hao. Mimi nakutaka wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ya Karatu mama alikuwa ameshanizika kichwani mwake. Nikampa Lomayani simu, akaongea naye kwa upole muda mrefu.

Alipokata simu akaniambia, "Mimi nilikuoa wewe, sikuoa mrija. Ukitaka kisu, twende kisu. Ukitaka sindano, nakaa na wewe."

Halafu akamgeukia bingwa akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria. "Daktari, sisi tunakaa Olmotonyi. Ikipasuka tukiwa kule, tutawahi?"

"Mna gari?"

"Nina pikipiki."

"Pikipiki hapana," bingwa akasema. "Tafuteni pa kukaa karibu na hospitali."

Basi tukaamua. Sindano, na nikae kwa wifi yangu, dada yake Lomayani, pale Sanawari.

Wakanipima uzito na urefu, maana dozi inaenda na mwili wa mtu. Mimi nilidhani kuna mitambo inakuja. Nesi akaja na sindano moja, akaniambia nigeuke.

"Tayari," akasema.

"Tayari kuanza?"

"Tayari nimeshamaliza, mama. Vaa nguo."

Ndiyo hivyo tu wakuu. Takoni, kama zile sindano za malaria za zamani.

Ila masharti sasa! Vile vidonge vya foliki wanavyopewa wajawazito, marufuku, maana vinapunguza nguvu ya dawa. Pombe marufuku. Diklopa na ndugu zake marufuku, maumivu ni paracetamol tu. Tendo la ndoa marufuku (Lomayani akaangalia dari). Jua kali, kubeba vizito, mitishamba ya aina yoyote, marufuku.

Hiyo mitishamba ndiyo ilileta kesi.

Lomayani alishampigia mama yake simu, na siku iliyofuata Yeyo alishuka kutoka Oldonyo Sambu mpaka kwa wifi, shuka begani, mkononi ana chupa ya chai kubwa. Nikainamisha kichwa akanigusa utosini kama desturi yao, nikamwamkia. Akakaa, akafungua chupa. Supu ya mbuzi iliyochemshwa na mizizi, nyeusi, harufu inapasua pua.

"Kunywa, mwanangu. Hii imesafisha wanawake wote wa boma letu."

"Yeyo, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Jamani, kumkatalia mama mkwe supu aliyokesha nayo jikoni! Afadhali kupishana na tembo.

"Yeyo, dawa niliyochomwa ni kali, inalielemea ini," nikamwambia. "Nikichanganya na mizizi naweza kuharibu vyote. Daktari amekataza."

"Huyo daktari anaujua huu mti?"

"Haujui, Yeyo. Ndiyo maana amekataza."

Akaiangalia ile chupa, akaniangalia mimi. Nikajua leo ndoa inatikisika.

"Na nyama?"

"Nyama ruksa."

"Na maziwa?"

"Ruksa."

"Basi nitachemsha nyama bila mti," akasema, akafunga chupa, akaingia jikoni. Na hakuondoka tena. Jioni shangazi yake Lomayani alipokuja na kichupa chake cha dawa, Yeyo alimzuia mlangoni. "Huyu ana sindano. Haichanganywi!" Utadhani yeye ndiye aliyesomea.

Siku ya nne nikarudi kupima kama nilivyoamriwa. Homoni ilikuwa imepanda.

Nilikaa kwenye benchi la korido nikaona nimejidanganya. Bingwa akaniambia, "Nilikueleza kwamba mwanzoni inaweza kupanda. Ninachotafuta ni kushuka kuanzia leo mpaka siku ya saba. Isiposhuka vya kutosha tutaongea habari ya sindano ya pili. Nenda kale, ukalale."

Nikaenda. Kulala ndiko kulikoshindikana.

Halafu ikaja asubuhi ambayo sitaisahau. Wifi yuko kazini, Lomayani yuko kwenye vitalu vyake, nyumbani ni mimi na Yeyo. Nimesimama kwenye sinki nasuuza kikombe. Maumivu yakanijia kama panga, upande ule ule wa kushoto. Kikombe kikanitoka. Nikajikuta nimepiga magoti, na kichwani naona Karatu tu, Karatu, Karatu.

"Yeyo, imepasuka."

Mama yule hakuuliza swali. Alitoka mbio mpaka barabarani, akasimama katikati na shuka lake amelitandaza kwa mikono miwili kama anazuia ng'ombe. Pikapu iliyobeba kabichi ikafunga breki.

"Simama! Mtoto wangu anakufa!"

Dereva, kaka wa watu, aliniinua mwenyewe akaniweka mbele. Yeyo akapanda nyuma juu ya kabichi. Njia nzima nasikia anaomba kwa Kimasai kwa sauti, na pikapu inapiga honi. Kaka, kama unasoma humu, Mungu akubariki, hata jina sikukuuliza.

Mapokezi hawakutuchelewesha. Presha nzuri. Dripu ikawekwa, theatre ikaambiwa ijiandae. Bingwa akaweka kile kifaa tumboni, nikafumba macho.

"Hakuna damu," akasema.

Nikafumbua.

"Mrija haujapasuka. Maumivu kama haya huwa yanatokea dawa ikiwa inafanya kazi. Lakini kwa kukaa nyumbani huwezi kujua kama ni ya dawa au ya kupasuka. Umefanya sawa kuja. Ukisikia tena, njoo tena, hata mara kumi."

Wakanilaza waniangalie mpaka siku ya kipimo ifike.

Siku ya saba damu ikachukuliwa. Tukasubiri majibu mimi, Lomayani na Yeyo. Lomayani alikuwa anamenya chungwa na hakuna aliyekuwa anakula machungwa. Bingwa akaingia na karatasi.

"Imeshuka."

"Imeshuka vya kutosha?" nikauliza.

"Zaidi ya nilivyokuwa naomba."

Yeyo hakuielewa karatasi, lakini uso wa bingwa aliuelewa. Alipiga kigelegele wodi nzima ikaamka. Nesi akaja mbio kutunyamazisha, akaambiwa kilichotokea, akasema, "Haya, kimoja tena, ila cha chini chini." Wagonjwa wenzangu wakamsaidia. Hakikuwa cha chini chini.

Baada ya hapo kila wiki nilirudi kutoa damu. Ilishuka, ikashuka, kuna wiki ikasuasua, ikashuka tena, mpaka siku nikaambiwa haionekani kabisa. Nilitoka getini nikampigia mama Kikatiti. "Mama, sijakatwa. Na nipo." Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

Niseme ukweli pia, kulikuwa na majonzi. Ile ilikuwa mimba tuliyoisubiri. Watu wanakupongeza umepona, na wewe ndani unajua kuna mtu hakuja. Mimi na Lomayani tulilia siku moja vizuri tu, tukiwa wawili, tukamaliza. Asikwambie mtu kwamba kwa sababu ilikuwa nje ya mfuko basi haikuwa na uchungu.

Nikarudi barabarani. Bosi akanipa gari langu na wageni wasumbufu kama zawadi ya kunikaribisha.

Bingwa alituambia tusishike mimba kwa miezi mitatu angalau, ile dawa itoke mwilini kabisa. Tulitii, tukaongeza na zaidi. Halafu akanipeleka kwenye kipimo cha kupitisha dawa ya picha kwenye mrija, kuona kama njia ipo. Kinauma, sitawadanganya. Lakini kwenye picha nikaiona mwenyewe ile dawa inapita, inatoka upande wa pili. Mrija wangu pekee, ule uliokuwa uondolewe, uko wazi!

Mwaka haukuisha. Mistari miwili tena.

Safari hii hakuna aliyecheka. Tulikwenda hospitali, Lomayani kanishika mkono kama tunavuka mto. Nikalala kwenye kitanda kile kile. Bingwa akaangalia muda mrefu, mimi naangalia uso wake tu. Halafu akageuza skrini.

"Hii hapa. Ndani ya mfuko, katikati kabisa. Na hiki kinachopepesa ni moyo."

Lomayani akamshika bingwa mkono kwa mikono yake miwili akawa anautikisa tu. Bingwa akasema, "Baba, niachie mkono nimalize kupima."

Nimejifungua kwa njia ya kawaida, wakuu. Binti. Ana sauti ya kufukuza fisi. Yeyo amempa jina la Kimasai lenye maana ya furaha, na mama yangu alikuja kutoka Kikatiti na ndizi za kupikia mtori wa kulisha ukoo mzima. Bibi hao wawili walikuwa wanagombania kumwogesha mtoto, mimi na mrija wangu tumekaa pembeni tunakula.

Nilichojifunza ni hiki. Kilichoniokoa kwanza ni kuwahi, sindano imekuja baadaye. Ningeondoka na wageni wale, leo ningekuwa naelezewa na mtu mwingine kwenye uzi wa rambirambi. Mimba changa, maumivu ya upande mmoja, matone ya damu, kizunguzungu au bega kuuma bila sababu, usiulize kwenye jukwaa, nenda. Ukikutwa haijapasuka, muulize daktari kama unafaa kwa dawa. Akisema hufai, kubali kisu ukiwa mzima. Na ukichomwa, rudi kila anapokuita hata ukijisikia unaweza kupanda Mlima Meru.

Kina kaka, ulizeni maswali. Lile swali la pikipiki lilikuwa na akili kuliko yote niliyouliza mimi.

Wanaokuja PM kutaka jina la daktari, sitaji, na mimi siyo daktari, kwa hiyo msiniletee picha za ultrasaundi nizisome.

Sasa uwanja wenu. Waliopitia sindano, waliopitia kisu, waliopoteza na bado wanasubiri, karibuni mseme, mtu mwingine apate moyo. Ila kama wewe unayesoma hapa siku zako zimechelewa na upande mmoja unakuuma sasa hivi, usicomment. Funga simu, nenda hospitali. Uzi utaukuta.